Uvimbe wa GIST: kwa nini vidonge vinatangulia kisu

Dada, umeeleza kwamba mama yako amekutwa na uvimbe mkubwa wa GIST, aina ya saratani ya njia ya chakula, kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, kwamba daktari amemwanzishia vidonge vya imatinib vya miezi kadhaa kabla ya kumpasua, na kwamba ndugu zako wanaona anacheleweshwa. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji tangu kabla ya vidonge hivyo kufika nchini, na kwa niliyoyaona, hofu yao inaeleweka lakini ni ya zama zilizopita.

Zamani uvimbe huu ulihesabiwa kuwa ni wa misuli laini. Dawa za kawaida za saratani hazikuufaa kitu, kwa hiyo tegemeo lilikuwa kisu peke yake, na kwa kuwa kisu ndicho kilichokuwapo, kilitumika kwa wingi: mara nyingi ilitolewa sehemu kubwa ya mfuko, pengine mfuko wote, pamoja na tezi za limfu za jirani. Hata katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, taarifa ya mwaka 2000 ilionyesha kuwa miongoni mwa wagonjwa walioondolewa uvimbe wote unaoonekana, waliofikisha miaka 5 walikuwa asilimia 54.

Mwaka 1998 watafiti wa Japani waligundua hitilafu katika jeni ya KIT inayousukuma uvimbe huu ukue. Mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza alipewa imatinib, dawa inayozuia kazi ya KIT hiyo, huko Helsinki, Finland, na uvimbe wake ukanywea. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu mwaka 2002. Wapasuaji nao walikuwa wamebaini kwamba GIST ni nadra kuingia kwenye tezi za limfu, hivyo inatosha kuutoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa, na sehemu kubwa ya mfuko ikabaki.

Hatari ambayo wapasuaji wanaiogopa zaidi kwenye meza ya upasuaji ni kupasuka kwa uvimbe. Ukiwa mkubwa huwa laini, umejaa damu na majimaji, na ganda lake ni jembamba. Nilihudumu chini ya daktari bingwa mmoja ambaye hakuruhusu msaidizi yeyote aubane uvimbe kwa koleo: ulishikwa ukuta mzima wa mfuko, na uvimbe ukainuliwa kwa kiganja kilichofunguliwa juu ya shashi yenye maji ya chumvi. Sikumpenda bwana yule kwa ukali wake, ila kwa hili alikuwa na haki. Upasuaji ukifanywa kwa matundu madogo, uvimbe hutiwa kwanza ndani ya mfuko wa plastiki ndipo uvutwe nje, kwa sababu ukimwagikia tumboni, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa sana. Kwa hiyo miezi ya vidonge ni sehemu ya upasuaji wenyewe: uvimbe unapungua, na daktari anapata nafasi ya kukata kidogo bila kuupasua.

Lipo swali moja ambalo ningeliuliza mapema kuliko yote, nalo ni kama kipimo cha jeni kimefanyika. Wapo wagonjwa ambao hitilafu yao iko katika jeni nyingine, PDGFRA, hitilafu ya aina iitwayo D842V, na hao imatinib haiwasaidii. Kwao miezi hiyo ingepotea bure.

Baada ya upasuaji, ukubwa wa uvimbe, mahali ulipokuwa na kasi ya seli kugawanyika ndivyo vitakavyoamua kama mama ataendelea na vidonge. Utafiti wa nchi za Nordiki na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha wagonjwa wenye hatari kubwa: kati ya waliotumia dawa miaka 3, asilimia 92 walikuwa hai baada ya miaka 5, na kati ya waliotumia mwaka 1, asilimia 82. Vidonge anywe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Akivimba kuzunguka macho asubuhi, hayo ni maudhi ya kawaida ya dawa. Yaripotiwe kliniki, lakini asiache kumeza kwa uamuzi wake. Na kama hamjapewa tarehe ya kipimo cha CT cha kuangalia iwapo uvimbe unapungua, iombeni katika miadi ijayo.