Mgombea anayezungumzia bima aulizwe kwanza habari ya fidia

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mgombea anayeahidi kuzibana kampuni za bima na kumlinda mteja, mpiga kura amuulize swali gani kwanza? Mimi ningemuuliza fidia italipwa ndani ya muda gani, muda huo utaanza kuhesabiwa lini, na kampuni itakayochelewa itamlipa nini mteja aliyecheleweshwa. Habari ya kushusha ada ya bima, ambayo ndiyo hupigiwa makofi mikutanoni, ingoje zamu yake.

Ada mteja huijua kabla hajatoa fedha, na akiiona kubwa anaweza kumwendea wakala mwingine mtaa wa pili. Fidia haijulikani hivyo. Mwenye gari hapa Dar es Salaam hana namna ya kuupima ubora wa bima aliyokata mpaka siku atakapogongwa Ubungo au Mbagala, na siku hiyo hawezi tena kubadili kampuni. Ndipo anapoambiwa alete taarifa ya polisi, akiileta anaambiwa bado mchoro wa ajali, kisha nakala ya leseni ya dereva, kisha amsubiri mkadiriaji wa hasara. Kwa kuwa siku za kulipa huhesabiwa tangu nyaraka zikamilike, na anayetamka kwamba zimekamilika ni kampuni ile ile inayodaiwa, hesabu yenyewe inaweza isianze kwa miezi. Wakati huo gari limelala gereji na marejesho ya mkopo benki hayasimami, hata mwishowe mtu anatia saini hati ya kuridhia malipo pungufu kwa sababu amechoka, si kwa sababu ameridhika. Nimeyapitia hayo kwa gari langu. Kampuni siitaji, maana sidhani kama ni ya kwake peke yake.

Mgombea aliyeisoma kazi yake angesema kwamba orodha nzima ya nyaraka itolewe kwa maandishi siku madai yanapopokelewa, na kwamba kiasi ambacho pande zote mbili zinakikubali kilipwe mara moja huku kinachobishaniwa kikiendelea kujadiliwa. Mteja hapewi bima mpaka alipe ada kwanza. Si uonevu kampuni nayo kuwekewa tarehe.

Najua nitajibiwa kwamba vyombo vipo. Vipo kweli: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, inaongozwa na Kamishna anayeteuliwa na Rais, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyoweka pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Stika ya gari siku hizi unaihakiki kwa simu. Lakini stika halali inathibitisha kwamba bima ipo, haithibitishi kwamba kampuni inalipa vizuri. Mgombea ubunge aulizwe kama atadai bungeni kwamba TIRA itangaze, kampuni kwa kampuni, madai yaliyolipwa, yaliyokataliwa na muda uliotumika, ili anayekata bima Kariakoo achague kwa takwimu badala ya maneno ya wakala anayeishi kwa kamisheni.

Wapo wanaotaka Kamishna apigiwe kura kama ilivyo California, ambako wananchi waliamua hivyo mwaka 1988 kwa hoja nambari 103, iliyozitaka pia kampuni ziombe kibali kabla ya kupandisha ada za bima za magari na nyumba. Utaratibu huo una sifa zake, ila bei peke yake haimlindi mteja: Mei 2023 kampuni ya State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba katika jimbo hilo, ikitaja gharama za ujenzi na hatari ya majanga.

Swali la fidia lina uzito zaidi kwetu kwa sababu bima ya lazima inaongezeka. Baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua Julai 2021, Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyaingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika orodha hiyo. Serikali ikimlazimisha mtu kununua, inabeba sehemu ya dhamana ya kile anachouziwa.

Na yuko mmoja ambaye wagombea hawamtaji kabisa. Mpita njia aliyegongwa na daladala hakuchagua kampuni, hakulipa ada, wala mkataba hajauona, ingawa bima ndogo, ile ya kuwafidia watu wengine wanaodhuriwa na gari, imewekwa na sheria kwa ajili yake. Ili alipwe, inambidi amfuate mwenye gari na bima yake, pengine akiwa bado kitandani Muhimbili. Mgombea atakayetueleza mtu huyo aanzie mlango gani, na nani atamgharimia matibabu wakati madai yakisubiri, huyo nitamsikiliza hata habari ya ada.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam