Anza na jedwali, mti uje baadaye

Ndugu, umeuliza kama kanuni za mkopo za chama chenu cha akiba, yaani miezi 6 ya uanachama, akiba inayofikia theluthi ya mkopo na wadhamini 2, zichorwe kwa mti wa maamuzi, yaani mchoro wa maswali ambao kila jibu ni tawi linaloongoza kwenye swali jingine au uamuzi, au kwa jedwali. Nakushauri uanze na jedwali, kwa sababu masharti 3 ya ndiyo na hapana huzaa hali 8, yaani michanganyiko 8 ya majibu (2 × 2 × 2), na jedwali halikuruhusu kuisahau hata moja.

Weka kila hali katika safu yake, kisha unganisha zile zenye uamuzi mmoja kwa kuweka kistari mahali ambapo jibu halibadilishi kitu. Asiyetimiza miezi 6 anakataliwa bila kujali mengine: safu hiyo ina vistari 2, na kila kistari husimama kwa ndiyo na hapana, hivyo inabeba hali 4. Aliyetimiza miezi lakini hana wadhamini anarudishiwa fomu, akiba yake iwe imefika au haijafika: hali 2. Mwenye wadhamini ambaye akiba yake haijafika anapunguziwa mkopo, na aliyekamilisha yote anapewa. Jumlisha: 4, 2, 1 na 1 ni 8. Ikizidi 8, kuna hali iliyoingia katika safu zaidi ya moja, na huenda kanuni zinagongana. Ikipungua, yupo mwombaji ambaye karani hatajua la kumjibu, na huyo ndiye anayeumia.

Mti uchore baadaye kwa ajili ya karani, ukitanguliza swali la uanachama, kwa kuwa ndilo linalofunga njia mapema.