Kaka anataka usukani wa gari langu hadi Dar

*Anti, mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Mwaka huu nimejikusuru nikanunua IST. Kaka yangu mkubwa anataka twende Dar wikiendi, Jumamosi na kurudi Jumapili, na ameshatangaza kwamba dereva ni yeye. Anakimbiza gari sana, na leseni yake imeisha muda. Safari iliyopita tulipigwa tochi, faini nikalipa mimi. Halafu anataka tulale lodge Sinza karibu na rafiki zake, wakati mama ameshampigia mama mdogo wa Tabata kwamba tunafikia kwake. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenilipia ada hadi chuo. Nitamkatalia kwa mdomo gani?*
*Mwenye Funguo, Morogoro*

Mdogo wangu, la usukani tulimalize hapa hapa: hapewi. Leseni imeisha, basi. Bima hutaka dereva awe na leseni hai. Akigonga, utabaki unaangalia gari na mkopo wake, kama ulikopa. Na faini ya tochi, elfu 30 kwa kosa, inasoma kwenye namba ya gari, haisomi kwenye jina la kaka. Ndiyo maana alishuka akaenda zake ukalipa wewe.

Tena barabara yenyewe naijua. Moro hadi Dar hazifiki kilomita 200, na watu wanaidharau kwa sababu ni fupi. Lakini ndiyo wanayopita malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, na mwenye haraka akikaa nyuma ya semi tatu zilizofuatana baada ya Chalinze, lazima ataovateki pasipoovatekika. Kila kijiji kina kibao chake cha 50. (Wale wanaowasha taa kukuonya kwamba trafiki yuko mbele, usiwategemee. Hawawashi kila mara.)

Sasa kilichokufanya uniandikie. Wewe hushindwi kumkatalia dereva, unashindwa kumkatalia aliyekulipia ada. Nakuelewa. Wengi tuliosomeshwa na kaka au dada tunaishi hivyo: akiomba kitu, hata kiwe cha hatari, tunaona tukisema hapana tumekula fadhila. Lakini hebu jiulize alikusomesha ili iweje. Nadhani alitaka siku moja uwe na chako, na hicho chako ndicho hicho kilichoegeshwa uani. Ukimwachia kwa sababu ya aibu, akakiharibu, hujamshukuru. Ukitaka kumshukuru kwa vitendo, mpeleke TRA akahuishe leseni, na gharama ulipe wewe. Hapo hata mama hatakuwa na la kusema.

Namna ya kumwambia ina uzito kuliko maneno yenyewe. Usimwandikie WhatsApp, na usimsemee mbele ya mama wala mke wake. Usingoje asubuhi ya safari naye ameshanyoosha mkono kudai funguo. Mfuate kwake katikati ya wiki, mwamkie, kaeni. "Kaka, bila wewe nisingefika chuo, na silisahau hilo. Ila Jumamosi naendesha mimi, mpaka leseni yako iwe sawa. Wewe kaa mbele unielekeze." Atanuna. Mwache anune, kaka hanuni milele. Na kweli utamhitaji akuelekeze: ukifika Ubungo, kwenye zile barabara za juu za Kijazi, mgeni hupanda pasipo pake akajikuta anaelekea Mwenge.

Akigoma kabisa kukaa kiti cha abiria, liacheni gari nyumbani mpande treni ya SGR. Tangu Juni 2024 inabeba abiria kati ya Moro na Dar, haimalizi saa mbili, na daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 13,000. Wikiendi tiketi zinagombewa, kwa hiyo kateni mapema. Mle ndani hakuna wa kugombea usukani.

Kuhusu Sinza nitakuwa mkali kidogo. Mama mdogo ameshaambiwa. Huenda ameshaagiza samaki Feri na kutandika kitanda. Kulala lodge nusu saa kutoka kwake ni kumtukana, na lawama itakuangukia wewe wa kike, si kaka yako. Si haki, lakini ndivyo itakavyokuwa. Laleni Tabata. Jioni mchukueni mama mdogo na watoto wake mwende zenu Coco Beach, mihogo na mishikaki, upepo wa bure. Baada ya hapo kaka akitaka rafiki zake, bajaji hadi Sinza zipo na yeye ni mtu mzima. Gari linalala uani, na funguo unalala nazo.

Jumapili ondokeni mapema mchana. Mkingoja chakula cha jioni, na mama mdogo atawabembeleza mngoje, mtakutana na giza njiani pamoja na yale malori.

Na mafuta mchangiane. Pesa mwombe siku hiyo hiyo ya mazungumzo, kabla ya safari. Ukingoja hadi sheli ya Chalinze, atakuambia mtaongea mkifika.