Maswali ya Wasomaji: Hoki ya Barafuni kwa Anayeanza Kutazama

Shikamooni. Natazama NHL, ile ligi ya Marekani na Kanada, kwenye simu, lakini kile kisahani wanachokipiga kwa fimbo sikioni. Nastukia tu watu wanashangilia. Nifanyeje?
*Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya*

Marahaba. Usikifukuze kwa macho. Ni kipande cha mpira mgumu chenye upana wa sm 7.6, unene wa sm 2.5 na uzito wa gramu 160 hivi. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde, na wapigaji wakali hukirusha kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Mtazame golikipa. Akisimama wima, hatari iko mbali. Akichuchumaa na kusogea mbele ya goli, shuti linakuja. Goli lenyewe lina upana wa m 1.83 na kimo cha m 1.22 tu, kwa hiyo hatua moja mbele inamzibia mpigaji karibu kila upenyo.

Mbona wachezaji wanaingia na kutoka bila ruhusa ya refa?
*Msomaji wa Njombe mjini*

Sabu hazina idadi, na mchezo hausimami. Uwanjani wapo sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanakimbia kwa nguvu zote, kwa hiyo sekunde 45 hivi zikiisha wanarudi benchi kupumua. Wakibadilishana wakati wapinzani wana kisahani, wanaacha pengo nyuma, na magoli mengi ya kizembe huanzia hapo. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi ikilia, hivyo mechi huchukua kama saa mbili na nusu.

Nimezoea soka. Kuotea kwao kunanichanganya, na hiyo aisingi ndiyo sielewi kabisa.
*Msomaji wa Mafinga*

Msahau beki wa mwisho, utazame mstari wa buluu ulio upande wa wapinzani. Kisahani lazima kiuvuke kwanza, ndipo washambuliaji wafuate. Aliyetanguliza miguu yote miwili ameotea. Aliyebakiza mguu mmoja kwenye mstari yuko salama. Ndiyo maana utamwona mshambuliaji akiteleza sambamba na mstari, mguu mmoja ameuburuza nyuma, akimsubiri mwenzake avushe. Ukishaizoea picha hiyo moja, nusu ya filimbi zitakuwa na maana.

Aisingi ni kubutua. Timu iliyobanwa inakipiga kisahani kutoka nusu yake, kinavuka mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa. Mchezo unarudishwa karibu na lango la waliobutua, tena hawaruhusiwi kufanya sabu. Adhabu kali ndiyo hiyo ya pili, maana miguu imeshakwisha na watu ni walewale. Timu iliyo pungufu kwa sababu ya adhabu imesamehewa, inaruhusiwa kubutua.

Na hakuna kadi za njano. Mwenye kosa dogo, kama kumkwatua mtu kwa fimbo, anakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika 2 na wenzake wanacheza pungufu. Wakifungwa, anatoka mapema. Kosa kubwa ni dakika 5, nazo anazimaliza zote hata wafungwe mara tatu.

Mechi zinachezwa saa ngapi kwa saa zetu?
*Msomaji wa Tukuyu*

Msimu huanza Oktoba, na kombe la Stanley, la bingwa wa ligi, hutolewa Juni. Mechi ya saa 1 jioni New York ni saa 9 usiku kwetu kati ya Novemba na Machi, saa 8 usiku miezi mingine.

Huku Kitulo sakitu inaanguka Juni na Julai. Hatuwezi kutengeneza uwanja?
*Msomaji wa Makete*

Sakitu huyeyuka jua likipanda. Uwanja wa hoki unahitaji barafu ya sm 2.5 hivi iliyo chini ya nyuzi sifuri mchana kutwa, na baridi hiyo hutoka kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya sakafu. Kati ya vipindi mashine huikwangua na kumwaga maji ya moto. Ya moto huyeyusha mikwaruzo kidogo, kisha yanashikana na barafu ya zamani.

Nyinyi anzeni na sakafu ya saruji, mpira wa tenisi na fimbo zilizopinda. Mkono wa juu ndio unaoongoza fimbo, wa chini unaachia na kushika. Wanaoanza hukaza yote miwili, na mpira unawaponyoka.