Maswali na majibu: Kioromo na Kimongolia wapi na wapi?

Kuna jamaa mtandaoni anadai Kioromo na Kimongolia ni lugha ndugu kwa sababu zote huweka kitenzi mwishoni. Kweli? (Msomaji, Isiolo)

Si kweli. Kioromo ni lugha ya Kikushi, nduguye Kisomali na Kirendile. Ukoo wenyewe ni mpana: Kiiraqw cha Mbulu na Karatu kimo, na mbali zaidi utawakuta Kiarabu, Kiamhara na Kihausa. Kimongolia kina familia yake huko Asia. Wapo waliokiunganisha na Kituruki katika familia iliyoitwa ya Altai, na wataalamu wengi wa leo wanaikataa. Hata hao wanaoitetea hawakuwahi kuifikisha Pembe ya Afrika.

Ukitaka kupima undugu, sikiliza watu wakihesabu. Mbili hadi tano kwa Kioromo ni *lama, sadii, afur, shan*. Kwa Kisomali ni *laba, saddex, afar, shan*. Kwa Kimongolia ni *khoyor, gurav, döröv, tav*. Najua hesabu nazo hukopwa, maana sita, saba na tisa zetu tumezitoa kwa Waarabu. Lakini hapa hakuna hata dalili ya kukopana. Na kitenzi mwishoni? Kijapani hufanya hivyo, Kihindi pia, Kituruki pia, na Kiamhara vilevile. Huyo jamaa akiendelea na hoja yake, nusu ya dunia itakuwa ukoo mmoja.

Basi ukiacha kitenzi, sentensi zao zinafanana? (Mwanafunzi wa isimu, Dodoma)

Hapa ndipo penye utamu, maana zinaachana vibaya sana.

Chukua Kioromo: *Tolaan Caaltuu arge*, yaani Tolaa alimwona Caaltuu. Sasa geuza: *Caaltuun Tolaa argite*, Caaltuu alimwona Tolaa. Angalia ile *-n*. Inamfuata mtendaji popote alipo, na anayetendwa anabaki na jina lake tupu. Lugha zenye tabia hii ni chache duniani, na nyingi ziko upande wetu huu wa Afrika Mashariki.

Kimongolia kinafanya kinyume. Mtendaji ndiye anayebaki mtupu, alama inakwenda kwa kitu kinachotendwa, tena si kila mara. *Bat nom avsan* ni Bat alinunua kitabu, kitabu chochote. *Bat nomyg avsan* ni Bat alikinunua kitabu, kile mnachokijua. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti hiyo: ndiyo ile ya "alinunua" na "alikinunua".

Kisha jinsia. Rudi kwenye *arge* na *argite*: katika ya kwanza aliyeona ni mwanamume, katika ya pili aliyeona ni mwanamke. Kimongolia hakina habari hiyo. *Ter irsen* ni "alikuja", awe nani. Kwa hilo Kimongolia kinakaa karibu na Kiswahili kuliko Kioromo, na bado hakuna anayedai sisi ni Wamongolia.

Hata sifa hazikai mahali pamoja. *Mana guddaa* ni nyumba kubwa kwa Kioromo, kwa mpangilio wetu. Mmongolia hutanguliza ukubwa: *tom ger*.

Mbona zote huandika irabu mbili mbili?

Kwa sababu urefu hubadili maana. Kwa Kioromo *lafa* ni ardhi, *laafaa* ni laini. Kwa Kimongolia *tsas* ni theluji, *tsaas* ni karatasi. Kioromo kinaongeza na konsonanti: *badaa* ni kibaya, *baddaa* ni nyanda za juu.

Kimongolia nacho kina lake: irabu za kiambishi hufuata za mzizi. "Kutoka" ni *-aas* katika *garaas* (mkononi), *-oos* katika *nomoos* (kitabuni), *-ees* katika *gerees* (nyumbani). Usishangae, nawe husema "pikia" lakini "somea".

Kwa nini Mongolia wanaandika kama Warusi, na Waoromo kama sisi?

Siasa, pande zote mbili. Wamongolia walikuwa na maandishi yao tangu enzi za Chinggis Khan, yanayoshuka kutoka juu hadi chini, yaliyotokana na ya Wauyghur. Mwaka 1941, chini ya kivuli cha Moscow, serikali iliamua kuhamia alfabeti ya Kisirili, na ikawa rasmi 1946. Wamongolia wa China, ambao ni wengi kuliko wale wa Mongolia yenyewe, wakabaki na ya zamani. Mwaka 2020 waliandamana Kichina kilipochukua nafasi ya lugha yao katika baadhi ya masomo shuleni. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, sasa inayarudisha maandishi hayo: tangu 2025 nyaraka za serikali zinatakiwa ziwe na maandishi yote mawili.

Kioromo kilipita njia ngumu zaidi. Onesimos Nesib, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto kisha akakombolewa Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, alitoa Biblia ya Kioromo mwaka 1899 kwa herufi za Kihabeshi, akisaidiwa na Aster Ganno, naye mtumwa aliyeachwa huru. Herufi hizo hazionyeshi konsonanti nzito wala urefu wa irabu, kwa hiyo *badaa* na *baddaa* huonekana sawa. Chini ya Haile Selassie kuichapisha lugha hii kulizuiwa, na Sheikh Bakri Sapalo akabuni maandishi yake mwenyewe miaka ya 1950. Utawala wa kijeshi wa Ethiopia, Derg, ulipoanguka 1991, herufi za Kilatini, zinazoitwa Qubee, zikashika.

Ipi rahisi kwa Mswahili?

Kioromo, bila kusita. *Ny*, *sh* na *ch* unazo tayari, na *nyaata* ni chakula. Kitakachokusumbua ni *q*, *x* na *c*, sauti za kupasua kooni. Mtafute Mborana, yaani Moromo wa kusini, akusahihishe. Hata saa zao huanza kuhesabiwa alfajiri kama zetu.

Nikijifunza Kiborana cha Marsabit, nitaelewana na mtu wa Wollega, Ethiopia?

Mtaelewana, ila siku za mwanzo mtaulizana sana. Kiborana ni lahaja ya kusini, Wollega ni magharibi. Wewe jifunze cha jirani yako kwanza.