Mwanangu, riba nitaifikia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na baba yako nimemsomea. Unasema wewe na wenzako mnataka kuanzisha chama cha akiba na mikopo ili watu waachane na hii mikopo ya kausha damu, ya kuchukua leo na kulipa mshahara ukitoka, na sasa mmekwama kwenye riba. Wengine wanataka asilimia 1 kwa mwezi, wengine 3, na kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya mikopo kazini miaka ile, unaomba niseme ipi ni sawa.

Riba nitaifikia. Kwanza niambie: mtu akija na shida Jumanne asubuhi, mtampa jibu lini?

Nakuuliza kwa sababu ya mjomba wako. Habari ya kadi yake ya benki unaijua, ilishasimuliwa sana. Usiyoijua ni iliyotokea upande wetu wa kamati, maana hiyo hatukuwahi kuisema mbele yake.

Mjomba wako alikuwa mwanachama mwema. Akiba yake ilikatwa kwenye mshahara kila mwezi tangu alipoajiriwa, na mkopo wake wa kwanza alikwisha kuurejesha wote. Mkewe alipolazwa, alijaza fomu ya mkopo wa dharura siku hiyohiyo. Fomu ilitaka wadhamini wawili, akawapata kabla ya saa sita. Ikabaki kamati. Kamati yetu ilikuwa inakaa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka kukaa.

Nikamwendea mwenyekiti. Nikamwambia wajumbe karibu wote wamo humu humu jengoni, tukutane nusu saa tulimalize. Akanijibu kwamba masharti ya chama hayana kikao cha dharura, na kwamba mimi ndiye wa mwisho kulileta jambo hilo, maana mwombaji ni kaka yangu. Aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, watu wanapita, wanasikia.

Hilo la undugu alikuwa na haki nalo. Ndugu wa mwombaji hutoka nje na hapigi kura, na ningekuwa mimi mwenyekiti ningemtoa mtu vilevile bila kusita. Lakini mimi sikuomba kura, mwanangu. Niliomba kikao. Miaka yote hii imepita, na nikikumbuka sauti yake pale mlangoni kifua bado kinanipanda.

Jioni ile mjomba wako alikwenda kwa mkopeshaji. Hakuulizwa mdhamini, hakuulizwa mkewe anaumwa nini. Aliacha kadi ya benki na namba yake ya siri, akahesabiwa pesa, akaondoka. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Kila mshahara ulipoingia, wa kwanza kufika kwenye mashine alikuwa mkopeshaji, anatoa 30 zake kwa kila 100, na deni linabaki palepale. Kwa mwendo huo miezi minne inakula 120 na mtu bado anadaiwa 100 ile ile aliyoanza nayo. Kwetu, kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, yaani ya deni lililobaki baada ya kila rejesho, 100 hiyo ya miezi minne ingezaa riba ya 2 na nusu tu. Mbili na nusu! Na pesa ilikuwepo kwenye akaunti ya chama siku ile, sehemu yake ikiwa ni akiba ya mjomba wako mwenyewe.

Ndiyo maana nasema, na nitazidi kusema: mwenye shida haangalii riba, anaangalia saa. Mjomba wako anajua hesabu kunishinda mimi, na asilimia 30 aliiona. Kwa hiyo zile semina mnazopanga za kuwaeleza watu kwamba kausha damu ni ghali, mimi nisingezitilia nguvu. Wanajua. Anayekwenda kwa mkopeshaji ameshajua atakavyokamuliwa, ila kule anajibiwa leo, tena bila kusemeshwa mlangoni.

Hapo najua utanijibu, na nimekwisha kujijibu mwenyewe usiku mzima: haraka hiyohiyo ndiyo inayoua vyama. Pesa mnayokopesha si ya chama, ni ya mwanachama mwingine aliyejinyima akaiweka. Nimeona chama ambacho mikopo ilitoka upesi sana, lakini ilitoka kwa marafiki wa viongozi, na siku wenye akiba walipokwenda kuchukua chao wakakuta daftari tu. Fomu, wadhamini, kikao, vyote viliwekwa kwa sababu hiyo, na sitaki mviondoe. Sasa mtu afanyeje?

Mimi naona hivi. Mkopo usiozidi akiba ya mwanachama mwenyewe una hatari gani? Akiba yake ndiyo dhamana. Huo apewe ofisa mmoja mamlaka ya kuutoa siku hiyohiyo, kwa kiwango mlichokubaliana kwenye mkutano mkuu, halafu kamati iukague katika kikao chake na kumwajibisha akikosea. Unaozidi akiba ungoje wadhamini na kamati, lakini kamati inayoweza kuitwa ndani ya siku moja, siyo ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Anabaki yule asiye na akiba, aliyejiunga juzi huku kausha damu wamemshika tayari. Huyo ndiye hasa mnayemtaka, na ndiye anayenisumbua. Nililelewa katika chama cha akiba kwanza, mkopo baadaye, na bado naamini hivyo. Lakini Marekani walilijaribu jambo hili kwa kanuni. Kule mikopo ya siku ya mshahara mara nyingi hutoza dola 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili, na ukiizidisha kwa mwaka mzima ni kama asilimia 390. Mwaka 2010 vyama vya akiba na mikopo vilivyo chini ya sheria ya serikali kuu vikaruhusiwa kutoa mkopo mdogo mbadala wa dola 200 hadi 1,000, kwa riba isiyozidi asilimia 28 kwa mwaka, kulipwa ndani ya mwezi mmoja hadi sita, na mwombaji awe mwanachama kwa angalau mwezi mmoja. Mwaka 2019 ikaongezwa aina ya pili isiyo na sharti la kungoja mwezi huo. Maana yake waliliona lile lile: kungoja ndiko kunakowarudisha watu kwa mkopeshaji.

Umetaja mfadhili anayetaka kuwapa mtaji wa kuanzia. Hapa uwe mwangalifu, mwanangu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, yule meya wa vijijini Ujerumani ambaye vyama vingi vya leo vinamhesabu kama babu yao, alianza hivyo hivyo. Mwaka 1849 kule Flammersfeld aliwakusanya wenye uwezo wasimame nyuma ya wakulima waliokuwa mikononi mwa wala riba. Ilisaidia, lakini wenye uwezo huchoka. Mwaka 1864, kule Heddesdorf, akageuza: wakopaji wenyewe wawe ndio wanachama, wadhaminiane wao kwa wao. Hicho ndicho kilichodumu. Mimi fedha ya mfadhili ningeitenga iwe kinga ya mikopo ya hao wageni wasio na akiba, na mishahara ya watu wenu isiiguse kabisa. Baba yako anasema yeye angeikataa yote. Hatujakubaliana.

Kuna mwanamke mmoja nampenda sana katika habari hizi, Dorimène Desjardins wa Lévis, Quebec, kule Kanada. Mumewe, Alphonse, alikuwa mwandishi wa kumbukumbu bungeni Ottawa, na mwaka 1897 akamsikia mbunge akisimulia habari ya mtu wa Montreal aliyekopa dola 150 na kuamriwa kulipa 5,000 za riba. Jambo hilo halikumtoka. Mwaka 1900 wakaanzisha chama chao, na kazi ikawa inafanyika nyumbani kwao. Hisa ilikuwa dola 5, na mtu aliweza kuilipa kidogo kidogo, senti 10 kwa wiki. Bwana alipokuwa bungeni, aliyepokea akiba na kuzitunza hesabu alikuwa mkewe. Sheria ya kuwalinda ilikuja 1906, kwa hiyo miaka ile yote pesa za majirani zilikaa juu ya mabega yao. Ninyi msifanye hivyo. Jiandikisheni kwanza, ndipo mpokee senti ya mtu. Lakini kwa upande mwingine nataka sana mumpate mtu wa namna ya Dorimène, anayejua kila mwanachama amefikia wapi, na asiyemuuliza mtu shida yake mbele ya wengine.

Haya, riba. Asilimia 1 inapendeza kwenye bango. Lakini mkopo wa 100 kwa mwezi mmoja utawaletea 1, na hiyo moja hailipi karatasi za fomu, sembuse karani. Mikopo midogo ya dharura ni hasara kwa chama, hilo asiwafiche mtu yeyote. Uingereza waliligundua: hadi Machi 2014 vyama vyao havikuruhusiwa kupita asilimia 2 kwa mwezi, na tangu Aprili mwaka huo ikawa 3, ili mkopo mdogo angalau ujibebe. Kwa upande mwingine, ukimtoza aliyelazwa asilimia 3 na aliyenunua kiwanja asilimia 1, mwenye shida ndiye anayelipa zaidi, na mimi hapo moyo unakataa. Au mkubwa ambebe mdogo: riba moja kwa wote, faida ya mikopo mikubwa izibe pengo la midogo. Wenye mikopo mikubwa watanung'unika kwenye mkutano mkuu, na wana hoja.

Jibu langu ninalo, na unanijua, linaniwasha ulimini. Lakini mkiiweka riba kwa sababu mama yako kasema, siku ya mkutano mkuu utasimama kuitetea peke yako. Ipigieni hesabu zenu: mikopo midogo mingapi kwa mwezi, karani analipwaje, wasiolipa mnatarajia watakuwa wangapi. Kisha niandikie, nami nitakwambia kama nakubali.

Na kabla rasimu ya masharti haijaenda kwa msajili, niletee niisome. Nakitafuta kipengele cha kamati ya mikopo: nani anaweza kuitisha kikao, kwa notisi ya muda gani, na wajumbe wangapi wanatosha. Kama hakimo, kiandikeni wiki hii.

Mama yako