“Fit” ya Kiingereza: kutosha, kufaa, au kifafa?

Ndugu, umeuliza kwa nini kamusi inakupa “kutosha”, “kufaa”, “mwenye afya” na hata “kifafa” kwa neno moja tu, “fit”. Nafundisha watu wazima Kiingereza jioni hapa Goma, na neno hili hurudi darasani kila mara. Kwa maoni yangu, kinachotuchanganya zaidi ni kupitia Kifaransa cha shule. Mfaransa akisema “ça me va” kuhusu nguo, huenda imemtosha, huenda imempendeza. Kitenzi ni kile kile. Mwingereza hutenganisha: kipimo cha mwili ni “fit”, rangi na mtindo ni “suit”.

Na Kiswahili kinatenganisha vilevile! Mama anayemchagulia mtoto suruali ya mtumba soko la Virunga anajua kabisa kwamba inaweza kumtosha kiuno na urefu, lakini isimpendeze. Basi anzia hapo: imenitosha, “it fits me”, imenipendeza, “it suits me”. Tena, katika “imenitosha” mtu yumo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo usiongeze “to” wala “for”. Nasikia “it fits to me” kila wiki, na ni kosa. Ufunguo unaoingia kwenye kufuli, magunia yanayoenea kwenye gari, vyote ni “fit” hiyo hiyo.

“Kufaa” ndiyo sifa: “fit for” mbele ya jina, “fit to” mbele ya kitenzi. Maji ya ziwa ambayo hayajatiwa klorini si “fit to drink”. Kile cheti cha “aptitude physique” tunachodaiwa kabla ya kuanza kazi, Mwingereza angesema daktari amekuona “fit for work”. Toka hapo unafika kwa mwili wenye mazoezi. Ila “niko fiti” yetu ya salamu usiipeleke Uingereza ilivyo: mtaani kule, mtu akiitwa “fit” mara nyingi maana yake anavutia kimapenzi.

Nataka kukaa kidogo kwenye “survival of the fittest”, maana inaniumiza. Maneno hayo aliyaandika Herbert Spencer, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1864, na Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, akayachukua katika toleo la 5 la kitabu chake “On the Origin of Species”, mwaka 1869. Kwetu watu huyafasiri “mwenye nguvu ndiye anayebaki”, kana kwamba sayansi imembariki mnyanyasaji. Sivyo. “Fittest” pale ni kiumbe anayefaana zaidi na mazingira yake, akapata uzao. Anaweza kuwa mdudu mdogo aliyefanana na jani, ndege wasimwone. Katika mji uliopitia vita kama huu wetu, naomba walimu wenzangu wasiwafundishe watoto ile tafsiri ya kwanza.

Kuhusu kifafa, kamusi yako imefupisha mno. “A fit” ni jina, nalo ni shambulio moja: mtu anaanguka, mwili unakakamaa au kutetemeka. Ugonjwa wenyewe wa kifafa ni “epilepsy”. Mtoto mwenye homa kali akipata degedege, hiyo pia ni “a fit”, na wala hana kifafa. Ukimkalimania mgonjwa kwa daktari wa kigeni, tofauti hiyo ni lazima uishike, kwa sababu dawa hazifanani.